Msiba wa Ligurumo wa Ziwa Nyambeho

Nikitupa?

Twadaka!

Nikidondosha?

Twaokota!

Nikidanganya?

Tutajua!

Haya, sogeeni basi. Aliye nyuma asogee, aliye mbele asinikanyage. Hadithi hii sikusimuliwa na mtu. Wengine wakisimulia watawaambia, "Nilisikia kwa bibi," au, "Nilisikia kwa shangazi." Mimi sikusikia kwa shangazi. Mimi nilikuwepo! Niliona kwa macho yangu haya mawili, hili la kulia na hili jingine linalopepesa. Darasani niliishia la nne, sikatai, lakini kwa kuona nimehitimu. Hata wali wa msiba niliula, na punje moja ilikwama kwenye jino hili hapa, ikakaa wiki nzima.

Zamani, zamani sana, wakati Mbuni bado anawaambia watu kwamba wiki ijayo ataruka, palikuwa na ziwa likiitwa Nyambeho.

Ziwa lile lilikuwa na pande mbili. Upande mmoja maji yalikuwa mapana, lakini kina chake kiliishia kwenye goti la Ngiri. Hapo ndipo wanyama wote walipokunywa, wakaoga, wakasengenyana. Upande wa pili, katikati ya majabali, palikuwa na kighuba chembamba chenye maji mengi, baridi, meusi kwa kina. Paliitwa Gengeni. Gengeni hakunywa mtu, wala hakuoga mtu.

Kwa nini? Kwa sababu Gengeni alikaa Ligurumo.

Ligurumo ni nini? Ni zimwi la majini. Kubwa kiasi gani? Kubwa! Kubwa kama nini? Kama lenyewe! Ndivyo wanyama walivyojibu, na ukizidi kuuliza walikutazama kama umewatukania mama.

Aliyelijua zimwi lile kwa karibu alikuwa mmoja tu, Mzee Kenge. Kenge alikaa juu ya jabali lililo mlangoni pa Gengeni, anaota jua, tumbo limemjaa. Aliwaambia wanyama kwamba Ligurumo ni mjomba wake, kaka wa mama yake, tumbo moja, ziwa moja. Na kila asubuhi aliimba, nanyi mnisaidie kuimba:

Mjomba ana njaa, leteni mayai!
Mjomba ana hasira, kaeni mbali!
Mjomba kalala, msipige kelele!

Wanyama wakisikia wimbo huo walileta mayai. Bata maji aliwahi kuleta, Kwale aliwahi kuleta, lakini aliyeleta zaidi alikuwa Mama Kanga, maana yeye hutaga kama anayelipwa. Aliyaweka chini ya jabali, akakimbia bila kugeuka. Kenge akayaingiza Gengeni, akatoka analamba midomo.

Zimwi kubwa namna ile, na halikutaka ng'ombe. Halikutaka mbuzi. Halikutaka hata samaki, nalo liko majini. Lilitaka mayai! Na wala hakuna aliyeshangaa.

Alishangaa mmoja tu, Bibi Pimbi.

Pimbi mnamjua. Mdogo, mnene, hana mkia, na sauti yake haifanani na mwili wake kabisa. Akipiga ukelele utadhani wamechinjwa watu kumi. Sasa shikeni neno hili msilidondoshe, maana hadithi nzima imelikalia: ukoo wa Pimbi na ukoo wa Kenge ni watani.

Babu yake Pimbi na babu yake Kenge waligombania jabali la kuotea jua. Walipigana hata wakatoana damu, na mwisho wakachoka, wakapatana, wakawekeana utani. Tangu siku hiyo, Pimbi akimtukana Kenge, Kenge hana ruhusa ya kukasirika. Anatakiwa amjibu kwa tusi la kwake, halafu wacheke. Mtani akichukua chakula chako, unamwambia karibu tena. Na ukifiwa, mtani ndiye anayeingia msibani wa kwanza. Yeye ndiye anayeosha maiti, yeye ndiye anayezika, na yeye ndiye anayejichotea kwenye sufuria bila kuombwa. Ukimzuia, umevunja utani. Na mvunja utani, siku akifa, hana wa kumzika.

Kwa hiyo kila asubuhi ilikuwa hivi:

"We Kenge, ngozi hiyo umeazima kwa mti gani? Mwenyewe anaidai, anaona baridi!"

"Na wewe Pimbi, mkia umeusahau kwa nani? Rudi ukauchukue, watu wanaukanyaga!"

Wakacheka. Wakaota jua. Siku zikaenda.

Basi kikaja kiangazi. Jua liliwaka mpaka kivuli chenyewe kikatafuta kivuli. Yale maji mapana yakawa madogo, yale madogo yakawa matope, na matope yakaanza kupasuka. Wanyama wakapanga foleni kwenye matope, kila mmoja anachimba kwa zamu, anapata maji ya kulowesha ulimi.

Pimbi alikuwa na mtoto mchanga, kitindamimba wake, akiitwa Kijino. Siku za mwanzo za kiangazi Kijino alilia kwa kiu, Pimbi akamwambia nyamaza. Baadaye Kijino akanyamaza mwenyewe. Hapo ndipo Pimbi alipoogopa. Alimshika mtoto, ulimi wake mkavu kama jani. Alitamani alie, naye hakulia.

Akambeba mgongoni, akaenda kwenye jabali la Kenge.

"Mtani," akasema, na siku hiyo hakutukana. "Nipe maji ya Gengeni, kibuyu kimoja. Mtoto ananifia."

Kenge akafumba jicho moja. "Ningekupa, mtani wangu. Mimi nina tatizo gani? Lakini mjomba hataki wageni. Akikushika mkia, je?"

"Mkia upi?"

"Atakushika pengine."

Wanyama waliokuwa kwenye foleni wakamkemea Pimbi. "Unataka kutuletea balaa! Ligurumo likiamka litatumaliza sote!"

Pimbi akawageukia. "Nani kati yenu ameliona?"

"Mimi!" akasema Ngiri. "Mimi!" akasema Mama Kanga. "Mimi!" akasema Kiboko. Wote, mimi, mimi, mimi, kama watoto wanaogawiwa miwa.

"Vizuri," akasema Pimbi. "Nitapita kwenu mmoja mmoja mnieleze."

Akaenda kwanza kwa Ngiri. Alimkuta shimoni, ametanguliza makalio ndani, uso nje.

"Shemeji Ngiri, wewe umeliona Ligurumo?"

"Nimeliona kabisa! Lina kichwa kikubwa kama kichuguu."

"Umeliona kwa macho yako?"

Ngiri akajikuna. "Kwa macho yangu, yaani... unajua, shemeji, siku hiyo nilikuwa nimefumba. Si kwa woga! Vumbi. Lakini Mama Kanga aliliona, akanieleza. Na Mama Kanga si mwongo."

Pimbi akaenda kwa Mama Kanga. Alimkuta amekaa kwenye kiota, anahesabu mayai ambayo hatayalea.

"Mama Kanga, wewe umeliona Ligurumo?"

"Weee! Nimeliona! Lina vichwa vitatu, kila kimoja kinamsema mwenzake."

"Umeliona kwa macho yako?"

"Sasa kwa macho yangu, dada, mimi na majini wapi na wapi? Aliniambia Kiboko. Kiboko anaishi majini, atakosaje kujua?"

Pimbi akaenda kwa Kiboko. Alimkuta amelala kwenye matope, mgongo umemkauka, anajipepea kwa masikio.

"Kaka Kiboko, wewe umeliona Ligurumo?"

"Aaah, hilo!" Kiboko akashusha pumzi. "Lina vichwa saba. Sita vya kulia chakula, kimoja cha akiba."

"Umeliona kwa macho yako?"

"Dada Pimbi, usiku mimi nipo bara, nakula majani. Zimwi linatembea usiku. Mchana mimi nimelala. Zimwi linatembea mchana pia. Tunapishana tu."

"Basi nani alikuambia?"

"Ngiri. Ngiri aliliona uso kwa uso. Muulize."

Mmesikia? Ngiri kaambiwa na Kanga, Kanga kaambiwa na Kiboko, Kiboko kaambiwa na Ngiri! Hadithi ilikuwa inazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake, na kila ikizunguka inaongeza kichwa.

Pimbi akarudi anakimbia, anacheka peke yake. Akajua sasa amepata maji. Akawaita wote, akawapanga pale pale, akawaambia: "Ngiri, wewe ulimsikia Kanga. Kanga, wewe ulimsikia Kiboko. Kiboko, wewe ulimsikia Ngiri. Basi aliyeliona ni nani?"

Wakatazamana. Pimbi akasubiri waseme, "Kumbe!" Hawakusema kumbe.

"Yaani mimi ni mwongo?" akasema Ngiri.

"Na mimi mmbea?" akasema Mama Kanga.

"Kabisa ananiita mimi mjinga," akasema Kiboko, "mbele ya wakwe zangu."

Wakamkasirikia Pimbi hasira moja kubwa, na Kenge juu ya jabali akaimba. Imbeni naye!

Mjomba ana njaa, leteni mayai!
Mjomba ana hasira, kaeni mbali!
Mjomba kalala, msipige kelele!

Mama Kanga akakimbia kuleta mayai.

Pimbi akarudi nyumbani na mtoto wake mkavu. Akajiambia, wenzangu hawa hawapungukiwi akili. Wanapungukiwa namna ya kukubali bila kuaibika. Akampa Kijino umande alioukusanya kwenye jani, tone moja, akafikiri.

Asubuhi akaenda mpaka ukingo wa Gengeni, karibu kuliko mnyama yeyote aliyewahi kufika. Wanyama wakapiga kelele, "Rudi!" Kenge akainua kichwa.

"Mtani Kenge," akauliza Pimbi, "Ligurumo ni mjomba wako wa kweli?"

"Tumbo moja na mama yangu."

"Basi yeye pia ni mtani wangu."

Kenge akataka kukataa, lakini atakataaje? Angekataa, mjomba angekuwa si mjomba.

Pimbi akavuta pumzi, akaelekeza mdomo majini. "We Ligurumo! Vichwa saba, na vyote kwa vyote hujapata akili ya kujaza kimoja! We Ligurumo! Mwili kama kilima, unalishwa mayai kama mzazi mwenye homa! We Ligurumo! Unamtuma mpwa wako akaongee na watu, wewe mdomo umeuweka kwenye kichwa gani?"

Maji yakatulia. Hakuna aliyejibu. Kereng'ende mmoja akapita.

Pimbi akawageukia wenzake. "Mmeona? Kimya!"

"Tumeona," akasema Kiboko kwa heshima kubwa. "Amekaa kimya. Mtani hakasiriki. Kumbe Ligurumo ni mstaarabu!"

"Ana adabu za kwao," akasema Mama Kanga.

Jamani! Pimbi alikaa chini. Mimi nilimwona kwa macho yangu, alishika kichwa kwa mikono miwili. Walipoambiwa halipo, walikasirika. Walipoonyeshwa halipo, walilisifia adabu.

Akakaa hivyo, akamtazama Kijino. Mtoto akafumbua macho kidogo, akayafumba. Ndipo Pimbi akainuka taratibu, na uso wake ukawa na kitu ambacho Kenge, kama angekuwa na akili, angekimbia akikiona.

Kesho yake asubuhi, wanyama wakiwa kwenye foleni ya matope, walisikia ukelele.

"Uwiiiiii! Uwiiiiii! Jamani tumekwisha! Mtani wetu katutoka! Ligurumo amefariki!"

Nimewaambia sauti ya Pimbi haifanani na mwili wake. Ndege waliruka kwenye miti ya ng'ambo. Wanyama wakaja mbio, wakamkuta Pimbi kajipaka majivu usoni, kajifunga majani kiunoni, anagaagaa chini ya jabali la Kenge.

"Amefariki? Nani kasema?" akauliza Ngiri.

"Jana nilimtukana, hakujibu! Nilimtukana mara ya pili, hakujibu! Nilimtukana mara ya tatu, hakujibu! Mtani aliye hai hujibu tusi kwa tusi. Niambieni nyie, mmewahi kuona mtani akae kimya na roho iko mwilini?"

Wanyama wakafikiri. Kweli, mtani hakasiriki. Lakini pia mtani hakosi kujibu!

"Mungu wangu," akasema Kiboko. "Basi jana tulipomsifia, alikuwa maiti."

Na Kiboko akaangua kilio. Mama Kanga akaangua kilio. Ngiri naye, aliyemwogopa Ligurumo maisha yake yote, akalia akisema, "Alikuwa mtu wa watu! Hakuwahi kunidhuru hata siku moja!" Hapo alisema kweli.

Kenge akatoka Gengeni mbio, kiini cha yai kikining'inia kidevuni. "Kelele za nini? Mjomba ni mzima! Mjomba ana njaa, leteni—"

"Pole sana, mfiwa," akasema Ngiri, akaweka mbele yake mzigo wa mizizi.

"Pole, kaka," akasema Kiboko, akaweka kitita cha nyasi.

"Pole, mwanangu, mjomba ni mzazi," akasema Mama Kanga. Akashusha kapu. "Nimeleta rambirambi. Kiota chote."

Kenge akalitazama kapu. Mayai yamepangana, meupe, mengine na madoa, yamejaa mpaka juu. Hajawahi kuletewa hivyo. Mdomo wake, uliokuwa wazi kusema "mjomba ni mzima", ukafunga.

"Hivi," akauliza polepole, "mfiwa ndiye anayepewa hivi vyote?"

"Vyote," akasema Pimbi kutoka kwenye vumbi. "Asubuhi na jioni, mpaka matanga yaanuliwe. Lakini kama mjomba ni mzima, basi watu wachukue vyao wakaendelee na kazi."

Mama Kanga akanyoosha bawa alichukue kapu.

"Mjombaaa!" Kenge akajibwaga chini. "Mjomba wanguuu! Umeniacha na nani! Jioni ulikuwa mzima, ukaniambia Kenge, lala salama!"

Wanyama wakamshika wasimwache ajiumize. Pimbi akasimama, akajikung'uta vumbi, akafuta machozi ambayo hayakuwepo.

"Haya wenzangu. Mfiwa amethibitisha. Sisi watani tunaingia kuosha maiti."

Kenge akaacha kulia ghafla, kama aliyezibwa mdomo. "Kuosha?"

"Kuosha. Si kazi yetu?"

"Mjomba ni mzito. Hamtamweza."

"Kiboko yupo."

Kenge akaenda nyuma ya jabali, akakaa kidogo, akarudi. "Mjomba aliusia asioshwe na wageni."

"Mtani si mgeni. Au unavunja utani, tuseme hadharani?"

Wanyama wakashtuka. Kenge akaenda nyuma ya jabali mara ya pili, akakaa zaidi, akarudi. Alikuwa anatoa ulimi na kuurudisha, anautoa na kuurudisha, anatafuta neno la kusema. Akatazama kapu la mayai. Akatazama Gengeni. Akamtazama Kiboko ambaye tayari alikuwa anakunja mikono.

"Jamani," akasema, "mjomba hayupo. Yaani maiti haipo. Mjomba ameyeyuka. Amegeuka maji."

"Maji?" akauliza Pimbi.

"Maji matupu."

"Vichwa vyote?"

"Vyote."

"Hata kile cha akiba?"

"Hata ukucha haukubaki!" Kenge akafurahi, akajiona ameponea hapo. Akavuta kapu kwake kwa mkia, taratibu.

Pimbi akapanda kwenye jiwe ili wote wamwone.

"Ndugu wafiwa na majirani. Marehemu angekuwa nyama na mifupa, tungemchimbia ardhini. Lakini mmesikia kwa mpwa wake mwenyewe, marehemu ni maji. Maji hayazikwi kwa jembe. Ukiyamwagia udongo unapata tope, na hiyo ni dharau kwa maiti. Maji kaburi lake ni moja tu." Akajipiga tumboni. "Hapa! Na sisi watani ndio tunaoanza kuzika."

Kenge akafungua mdomo. Atasema nini? Aseme mjomba hakugeuka maji? Aseme mjomba yu hai? Amzuie mtani kuzika? Ulimi ukatoka, ukarudi. Ukatoka, ukarudi.

Pimbi akashuka ukingoni na Kijino mgongoni. Alisimama kwanza, nami nasema kweli, maana hata asiyeamini zimwi, akifika kwenye maji meusi peke yake moyo humdunda. Akachota kwa kiganja. Akamwekea mtoto mdomoni.

Kijino akameza. Akakohoa. Akafumbua macho.

Kisha akalia! Alilia kwa nguvu, kilio cha ukoo wao, uwiiii, mpaka Ngiri akarudi nyuma hatua, na Pimbi akacheka huku anatokwa na machozi ya kweli, ya kwanza siku hiyo.

"Mnaona?" akawaambia wenzake. "Mtoto anamlilia marehemu. Njooni mzike!"

Akaja Ngiri kwanza, ananusa. "Shemeji, nikimeza kichwa je?"

"Meza, kimeyeyuka."

Akazika Ngiri. Akazika Mama Kanga, tone kwa tone, anainua kichwa kila tone kama anayemwombea. Akazika Kwale, akazika Bata maji. Kiboko alizika kuliko wote. Alizika mpaka akatumbukia mzima mzima, akazika na mgongo, akazika na masikio, akatoka upande wa pili akisema, "Mwenyezi ampumzishe, alikuwa baridi!"

Wali wa msiba ukapikwa kwa maji hayo hayo, nami nikala nikashiba, punje ikakwama kwenye jino hili.

Na kapu la mayai? Pimbi alilipitia Kenge akiwa bado analishikilia kwa mkia. Akalinyakua. "Haki ya watani, mfiwa! Sema karibu tena."

"Karibu tena," akasema Kenge kwa sauti ndogo, maana utani ni utani.

Pimbi akamrudishia Mama Kanga kapu lake. Mama Kanga akayakalia mayai pale pale msibani, na yakaanguliwa yote, vifaranga wakawa wanamkanyaga kila mgeni miguuni.

Sasa mtasema wanyama walipata akili. Ngojeni. Jioni ya mazishi Pimbi alipita anachota maji, akamsikia Ngiri anawaambia watu, "Mimi nilikinywa kile kichwa cha saba. Kichungu!" Na Mama Kanga, "Mimi nilimwona akiyeyuka, alianzia miguuni." Pimbi akacheka tu, akajaza kibuyu, akaenda zake. Maji alikuwa nayo.

Lakini kiangazi kilipokwisha, Kenge, tumbo limemshuka mpaka linaburuta ngozi tupu, alipanda tena jabalini akakohoa. "Jamani, kuna jambo sikuwaambia. Mjomba ameacha mjane. Yuko humo humo Gengeni. Ana njaa, leteni ma—"

Mama Kanga akainua shingo, vifaranga wamemzunguka.

"Umemwona kwa macho yako?" akauliza.

Kisha Kiboko akaanza kucheka, maji yakacheza. Ngiri akacheka, Kwale akacheka, vifaranga wakacheka bila kujua wanachochekea. Kenge akateleza jabalini, akaingia vichakani, na mpaka leo ukimkuta njiani anakimbilia kichakani huku anatoa ulimi na kuurudisha. Bado anatafuta neno. Na ukisikia ukelele wa Pimbi kwenye majabali, usiogope. Anamlilia marehemu mtani wake, ili watu wasisahau kwamba alikwisha zikwa.

Funzo ni hili, na mlishike. Ukiambiwa kuna jitu linakuzuia kunywa maji, usianze kwa kuuliza lina vichwa vingapi. Muulize anayekuambia: umeliona wewe? Akisema kaniambia fulani, nenda kwa fulani. Na kwanza mtazame kidevuni anayelisemea jitu hilo, kama hakuna kiini cha yai.

Nini tena? Nani huyo ameinua mkono huko nyuma? Sema, Mwanaheri, usinong'one.

"Kiangazi kikali namna ile, mchele ulitoka wapi?"

Haya. Mmeanza.

Basi sikilizeni. Wanyama walisema, kweli. Kiboko alilia, kweli. Ligurumo alizikwa tumboni, na mimi nilikuwepo, kweli tupu. Ila ule wali niliutia mimi, msiba uonekane msiba. Hakukuwa na wali. Ilikuwa mihogo, na hiyo pia sikupata, Pimbi alijichotea yote.

Nilitupa, mmedaka. Iliyowakaa mikononi nendeni nayo nyumbani, na iliyoanguka niachieni hapo nilipokaa, nitaiokota mwenyewe.